Dk. Foley: Mtu Aliyeacha Jina Lake Kwenye Mpira wa Mkojo

Ukipita wodi ya wanaume katika hospitali ya wilaya, hukosi kumwona mzee amekaa ukingoni mwa kitanda, na pembeni yake mfuko wa plastiki wenye mkojo umening'inia. Sisi mitaani tunauita mpira wa mkojo. Manesi wanauita Foley. Wanalitaja jina hilo mara nyingi kwa siku, kama wanavyotaja sindano au bandeji, na wengi wetu tunadhani ni jina la kiwanda. Foley alikuwa mtu. Alikuwa daktari, na amefariki zamani, lakini kazi yake imewafikia baba zetu na babu zetu.

Ndugu msikilizaji, tulipozungumzia tezi dume katika kipindi cha afya, simu nyingi zilizoingia ziliuliza kuhusu huo mpira. Je, unauma? Je, ukishawekwa utakaa nao maisha yote? Je, ndiyo mwisho wa uanaume? Muda wa hewani haukutosha kujibu yote. Kwa hiyo nimeandika hapa maisha ya Dk. Foley, kwa sababu ukijua kwa nini mpira ule ulitengenezwa, utajua pia namna ya kuutunza.

Tatizo lililokuwepo kabla yake

Tezi dume ni kiungo kidogo alichonacho kila mwanamume. Iko chini ya kibofu, na njia ya mkojo inapita katikati yake. Kazi yake ni kutoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume. Mwanamume anapozeeka, tezi hii huwa inakua. Ikikua sana inaibana njia ya mkojo, kama vile mtu anavyokanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Mkojo unaanza kutoka kidogo kidogo, mzee anaamka usiku mara nne au tano, na siku nyingine njia inaziba kabisa. Kibofu kinajaa na maumivu yake hayasimuliki. Mkojo ukiendelea kuzuiliwa, figo nazo zinaweza kuharibika.

Shida hii ni ya kale. Tangu zamani watu walijua kwamba dawa ya mkojo uliofunga ni kupitisha mrija mpaka kwenye kibofu. Walitumia mirija ya shaba, ya fedha na ya vitu vingine vigumu. Mwaka 1752 Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mwanasayansi maarufu wa Marekani, alikwenda kwa sonara akamsimamia atengeneze mrija wa fedha unaojipinda, ili kaka yake John aliyekuwa akiteswa na mawe ya kibofu apate nafuu. Katika karne ya 19, baada ya Charles Goodyear kugundua namna ya kuufanya mpira uwe imara bila kupoteza ulaini, daktari wa Ufaransa aitwaye Auguste Nélaton alianzisha mrija laini wa mpira.

Hata hivyo kulibaki tatizo moja kubwa. Mrija ulikuwa unaingia vizuri, lakini haukai. Mgonjwa akigeuka kitandani, unachomoka. Madaktari na manesi waliufunga kwa uzi, wakaubandika kwa plasta kwenye sehemu za siri za mgonjwa, na bado ulitoka. Kila ukitoka, ilibidi uingizwe tena, na kila kuingiza kulileta maumivu mapya na nafasi mpya ya vijidudu kuingia. Aliyekuja kulishughulikia tatizo hilo ndiye Foley.

Kijana wa Minnesota

Frederic Eugene Basil Foley alizaliwa mwaka 1891 katika mji wa St. Cloud, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Ni mji ulio kando ya mto Mississippi, mahali ambapo majira ya baridi ni makali.

Hakuanza na udaktari. Alikwenda Chuo Kikuu cha Yale akasomea lugha, akahitimu mwaka 1914. Baadaye akaingia chuo cha udaktari cha Johns Hopkins katika mji wa Baltimore, akamaliza mwaka 1918. Hopkins ya wakati ule ilikuwa na majina makubwa ya upasuaji. Foley alifanya kazi na William Halsted na Harvey Cushing. Huyo Halsted ndiye aliyeomba kampuni ya mpira itengeneze glavu nyembamba, kwa sababu nesi wake wa chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, alikuwa anababuka mikono kwa dawa kali za kuua vijidudu. Glavu ambazo leo nesi wa zahanati yako anazivaa kabla hajakugusa zina asili hiyo. Kwa hiyo Foley alilelewa kikazi mahali ambapo mpira ulikuwa umeshabadilisha namna ya kumhudumia mgonjwa.

Hapo Hopkins pia alikuwepo Hugh Hampton Young, mmoja wa madaktari waliosogeza mbele sana upasuaji wa tezi dume mwanzoni mwa karne ya 20. Foley naye akaelekea kwenye fani hiyo ya magonjwa ya mfumo wa mkojo na viungo vya uzazi vya mwanamume. Alirudi jimbo lake la Minnesota akafanya kazi mji wa St. Paul, na akawa mkuu wa idara hiyo katika hospitali ya Ancker.

Puto dogo lililotatua mambo mawili

Miaka ile ya 1920 upasuaji wa tezi dume ulikuwa unabadilika. Badala ya kupasua tumbo, madaktari walianza kupitisha vifaa kwenye njia yenyewe ya mkojo na kuikata tezi kutoka ndani. Mgonjwa alikwepa kidonda kikubwa, lakini sehemu iliyokatwa ilivuja damu nyingi. Damu ikiganda ndani ya kibofu, mkojo unaziba upya. Wapo waliookoka na ugonjwa wakaponzwa na damu.

Foley alifikiria jambo rahisi. Ukijikata mkono, unafanya nini? Unabana. Sasa utabana vipi mahali ambapo mkono haufiki? Akaweka puto dogo karibu na ncha ya mrija. Mrija unaingia puto likiwa limesinyaa. Ukifika ndani, puto linajazwa maji, linavimba, kisha mrija unavutwa taratibu mpaka puto likandamize pale panapovuja. Maelezo yake ya kwanza kuhusu kutumia puto hivyo kuzuia damu aliyatoa mwaka 1929.

Baadaye akaona kwamba puto lile linaweza kufanya kazi ya pili. Likiwa limejaa ndani ya kibofu, haliwezi kupita kwenye njia nyembamba ya mkojo. Maana yake mrija hautatoka tena wenyewe, na haina haja ya uzi wala plasta ya kuubandika kwenye sehemu za siri. Wazo la puto lilikuwa limeshajaribiwa Ufaransa katika karne ya 19, lakini puto la kufungwa juu ya mrija lilikuwa na kasoro zake. Foley alitaka mrija na puto viwe kitu kimoja cha mpira, chenye njia mbili ndani yake: moja ya kupitisha mkojo, nyingine ya kupitisha maji ya kujaza puto. Katika miaka ya 1930 aliifanyia kazi hiyo pamoja na mafundi wa kiwanda cha mpira huko Akron, Ohio, na mwaka 1937 akachapisha makala ya kitaalamu kuueleza mrija wake.

Ukiuangalia mpira wa mkojo leo utaiona kazi hiyo. Mwisho wake una matawi mawili. Tawi moja limeunganishwa na mfuko. Tawi la pili, lenye kizibo cha rangi, ni la puto. Nesi anapitisha hapo maji yaliyotakaswa kwa bomba la sindano, mara nyingi mililita 10 hivi, kama vijiko viwili vya chai. Rangi ya kizibo inaonyesha unene: kijani ni namba 14, rangi ya chungwa ni namba 16, nyekundu ni namba 18. Namba hizo zinatokana na kipimo cha Charrière, fundi wa vifaa vya hospitali wa Paris, ambapo kila namba 3 ni unene wa milimita 1.

Alishindwa mahakamani, jina likabaki

Oktoba 1936 Foley aliomba hataza, yaani hati ya serikali inayomtambua mtu kuwa mwenye uvumbuzi. Alikuta amechelewa. Paul Raiche, wa kampuni ya mpira ya Davol ya mji wa Providence, alikuwa amemtangulia kwa miezi minne na mrija unaofanana na wake. Foley hakukubali. Alikata rufaa, na bodi ya rufaa ikampa ushindi. Raiche naye hakukubali, shauri likafika mahakamani, na huko uamuzi ukageuzwa. Foley akaikosa hataza.

Lakini maisha yana mambo yake. Kampuni ya C. R. Bard ilipoanza kuisambaza mirija hiyo hospitalini, iliiuza kwa jina la Foley. Madaktari wakalizoea, manesi wakalizoea, na mpaka leo aliyeshinda kesi hajulikani nje ya vitabu, wakati aliyeshindwa anatajwa kila siku kuanzia hospitali kubwa za Ulaya mpaka kituo cha afya cha kata.

Foley hakukaa akaomboleza. Aliendelea na kazi yake St. Paul. Alibuni namna ya kurekebisha njia ya kutolea mkojo kwenye figo inapokuwa imebana, na upasuaji huo ukapewa jina lake. Mwaka 1947 alieleza kifaa cha kuwasaidia watu wanaoshindwa kuzuia mkojo. Alibuni pia meza ya upasuaji inayopandishwa na kushushwa kwa nguvu ya mafuta. Alifariki mwaka 1966 kwa saratani ya mapafu.

Kazi iliyobaki ni ya mikono ya manesi

Mpira wa Foley uliponya shida moja ukaleta nyingine. Kwa kuwa sasa mrija uliweza kukaa siku nyingi, vijidudu navyo vilipata njia ya kupanda mpaka kwenye kibofu. Zamani mkojo uliachwa ukimwagika kwenye chupa iliyo wazi chini ya kitanda. Mwaka uleule aliofariki Foley, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mrija ukiunganishwa na chombo kilichofungwa, bila hewa ya nje kuingia, maambukizi yanapungua sana. Ndiyo sababu tunapewa mfuko uliofungwa, na ndiyo sababu nesi anakuwa mkali ukiuchomoa mfuko bila sababu.

Hapa niseme la kwangu. Baba yangu mkubwa, mkulima wa korosho, aliificha shida yake zaidi ya mwaka. Alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba mara nyingi, anasimama muda mrefu, anarudi bila kusema. Alipoletwa hospitali tumbo lilikuwa limevimba chini ya kitovu na jasho linamtoka. Alipomwona nesi ni binti wa umri wa wajukuu zake, akataka kuondoka. Yule binti alimwita babu, akaomba watu watoke, akavuta pazia, akamweleza hatua moja moja atakachofanya kabla ya kukifanya. Dakika chache baadaye baba mkubwa alikuwa amelala usingizi mzito, wa kwanza kwa siku mbili.

Aliruhusiwa kurudi nyumbani na mpira akisubiri tarehe ya upasuaji. Kosa lililofuata lilikuwa langu. Nilimtembelea, nikaona mfuko uko chini karibu na sakafu, nikadhani ni uchafu. Nikautundika kwenye msumari ukutani, juu ya kichwa chake, nikijiona nimefanya usafi. Naye siku ya Ijumaa, akiona aibu kwenda msikitini, aliukunja mrija akaufunga kwa kamba ndani ya kanzu. Siku ya tatu alikuwa anatetemeka kwa homa, tukarudi naye hospitali haraka. Mkojo uliokwishatoka ulikuwa umerudi kwenye kibofu na vijidudu vyake. Alipona kwa dawa, lakini ningekuwa nimeuliza, asingeumwa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayemtunza mgonjwa, shika haya:

Mfuko ukae chini ya usawa wa kibofu saa zote, akiwa amelala, amekaa au anatembea. Lakini usiguse sakafu. Utundike pembeni ya kitanda au kwenye ndoo safi.

Mrija usikunjwe, usifungwe kwa kamba, usikaliwe. Ufungwe kwa plasta au kitambaa laini pajani ili usivutike.

Nawa mikono kwa sabuni kabla na baada ya kuushika. Mgonjwa aoshwe kwa maji na sabuni kila siku pale mrija unapoingilia. Kama hajatahiriwa, govi lirudishwe mahali pake baada ya kuoshwa, lisiachwe limevutwa nyuma, maana linaweza kuvimba na kumbana.

Mwaga mkojo kupitia bomba la chini la mfuko ukifika theluthi mbili. Usisubiri ujae, na usitenganishe mfuko na mrija.

Anywe maji ya kutosha, isipokuwa daktari amemkataza kwa sababu ya moyo au figo.

Tarehe ya kubadilisha mpira aliyopewa hospitali iheshimiwe. Kuna mipira inayokaa wiki chache tu, na mingine ya silikoni inaweza kufika wiki 12.

Usiuvute hata mara moja. Kumbuka puto: liko ndani, limejaa maji. Wapo wazee waliochanganyikiwa usiku wakauvuta na puto lake, wakaichana njia ya mkojo. Kutoa ni kazi ya nesi, anayevuta kwanza maji kwa bomba la sindano.

Mrudishe hospitali siku hiyohiyo akipata homa au kutetemeka, mkojo ukiacha kutoka huku tumbo likijaa, mabonge ya damu yakitoka, au mpira ukichomoka.

Maswali ya wasikilizaji

Je, unauma? Wakati wa kuingia kuna usumbufu, na nesi hutumia jeli kuulainisha. Ukishaingia, aliyekuwa na mkojo uliofunga anapata nafuu kubwa. Siku za mwanzo anaweza kuhisi kama anataka kukojoa, na hisia hiyo hupungua.

Je, ni wa maisha yote? Kwa walio wengi, hapana. Unawekwa ili kibofu kipumzike wakati dawa zinafanya kazi au upasuaji unasubiriwa. Wachache wasioweza kupasuliwa hukaa nao muda mrefu, wakibadilishiwa kwa tarehe.

Je, ni mwisho wa uanaume? Hapana. Mpira hauondoi nguvu wala mbegu. Mambo ya tendo la ndoa zungumza na daktari au nesi bila haya, ukiwa na mwenzi wako ukipenda.

Na je, kukua kwa tezi dume ni saratani? Mara nyingi si saratani. Lakini dalili zinafanana, na saratani inaweza kuwepo bila dalili yoyote mwanzoni. Anayejua ni aliyepimwa. Vipimo vya kuanzia ni kuchukuliwa damu na daktari kuipapasa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Kipimo hicho cha pili ndicho wanaume wanakikimbia, na hakichukui hata dakika mbili. Ukifika miaka 50, au mapema kidogo kama baba au kaka yako aliugua saratani hiyo, ulizia kituo cha afya.

Dk. Foley alitumia maisha yake kwenye sehemu ya mwili ambayo wanaume hawapendi kuitaja. Hakupata hataza, na watu wanaouvaa mpira wake hawajui alikuwa nani. Baba mkubwa alifanyiwa upasuaji, mpira ukatolewa, na msimu uliofuata alikuwa shambani akiokota korosho. Siku hizi akisikia mzee mwenzake anaamka mara nyingi usiku, anamfuata mwenyewe, anakaa naye pembeni, na kumwambia aende hospitali kabla mkojo haujafunga.